Hadithi za Kubuni na Ujuzi wa Tabia za Watu: Mapitio ya Nathari ya Kiswahili tangu 1870

Neno hadithi limebeba katika Kiswahili maana mbili zinazovutana. Kwa upande mmoja ni habari za Mtume zilizopokewa kwa mlolongo wa wasimulizi waaminifu, na thamani yake yote imo katika ukweli wa mapokezi hayo. Kwa upande wa pili ni kisa cha kubuni, ambacho msimulizi na wasikilizaji wake wanajua fika kwamba hakikutokea. Tena desturi ya kufungulia ngano katika nyumba nyingi za pwani haikuuficha uongo huo, bali iliuita kwa jina lake na kuukaribisha ndani. Hapo ndipo linapozaliwa swali ambalo limewashughulisha wapenzi wa fasihi kwa muda mrefu: yawezekanaje jambo linalokiri kwamba ni la uongo likafundisha ukweli juu ya watu?

Kusudi la makala haya ni kulifuata swali hilo katika historia ya nathari ya Kiswahili tangu ngano za Unguja zilipochapishwa mwaka 1870 hadi riwaya za miaka ya 1970. Kabla ya kuingia humo, yafaa maneno mawili yapambanuliwe, kwa kuwa mjadala mwingi juu ya jambo hili umepotea njia kwa sababu ya kuyachanganya. Neno tabia limetoka katika Kiarabu, na shina lake lina maana ya kupiga chapa. Tabia basi ni ile alama iliyokwisha kupigwa ndani ya mtu, nayo haionekani kwa macho. Neno mwenendo ni la Kibantu, limetokana na kitenzi kwenda, na maana yake ni namna mtu anavyokwenda mbele ya watu wengine. Mwenendo huonekana, tabia hukisiwa. Kila mtu anayeishi na wenzake hufanya kazi hiyo ya kukisia mchana kutwa, na mara nyingi hukosea. Hadithi za kubuni, kwa jinsi zilivyokuzwa katika lugha hii, zimekuwa uwanja wa kuifanya kazi hiyo pasipo hatari.

Jambo la pili la kupambanua ni tofauti ya kufundisha tabia na kufundisha juu ya tabia. La kwanza ni kazi ya mzazi, mwalimu na kungwi: kumtia mtoto adabu. La pili ni kumwonyesha mtu jinsi watu walivyo, wawe wema au wabaya. Kiswahili hutumia kitenzi kufundisha kwa yote mawili, na kwa hiyo wengi wameichukulia hadithi kuwa ni fimbo ya adabu tu. Historia inaonyesha kwamba fasihi ya kubuni ilianza kwa kuyabeba yote mawili pamoja, kisha pole pole ikaelemea upande wa pili.

Ngano za Unguja

Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864 akiwa katika msafara wa Askofu Tozer, na mwaka 1870 alichapisha London mkusanyo wa ngano alizozipata kwa wenyeji wa Unguja. Miongoni mwake kuna kisa cha Sultani Darai, ambacho kinastahili kutazamwa kwa makini kuliko kinavyotazamwa kwa kawaida.

Maskini mmoja aliyezoea kuchakura jaani aliokota thumuni, naye badala ya kununua chakula akanunua paa. Paa yule alikuwa akisema kama mtu. Alipata almasi, akaipeleka kwa sultani wa mji wa mbali kama zawadi ya bwana wake, akamposea binti wa sultani, akamvika bwana wake nguo za heshima na kumpa jina la kifalme. Kisha akamwua nyoka mwenye vichwa saba na kumpatia bwana wake nyumba yenye mali isiyo kifani. Baada ya hayo yote paa akaugua. Alipotuma habari kwa bwana wake kuomba chakula kizuri, bwana yule alimdharau akaamuru apewe uji wa mtama. Mke alimsihi, watu walimshangaa, lakini hakugeuka. Paa akafa kwa uchungu, akatupwa kisimani. Mwishowe yule mtu aliamka akajikuta yuko jaani kama zamani, anachakura.

Kwa mtazamo wa kwanza hili ni somo la adabu: usisahau fadhila. Methali zimelisema kwa maneno machache kwamba shukrani ya punda ni mateke. Lakini kama kisa kingekusudia hayo tu, kingekuwa kirefu bure. Jambo ambalo methali hailisemi, na kisa kinalionyesha, ni aina ya mtu asiyeweza kushukuru. Mtu huyo hakumchukia paa alipokuwa jaani. Alimchukia alipokuwa ikulu. Paa peke yake ndiye aliyejua kwamba usultani ule ulitoka katika thumuni moja. Mfadhili ni shahidi, na aliyejigeuza hapendi shahidi wa alivyokuwa. Msimulizi hasemi neno hata moja juu ya sababu hiyo. Anaeleza vitendo tu, kitendo baada ya kitendo, na kumwachia msikilizaji auone moyo uliovitoa.

Mtaalamu wa lugha hapa atatambua kazi ya kiambishi -ka-. Ngano za Steere huendeshwa kwa mnyororo wa vitenzi vyenye kiambishi hicho: akaenda, akaona, akatwaa, akarudi. Mnyororo huo hutoa mfuatano bila kutoa sababu. Husema kwamba hili lilikuja nyuma ya lile. Hausemi kwamba hili lilizaliwa na lile. Sababu hutiwa na msikilizaji. Pengine msimulizi wa ngano huonekana kana kwamba hana hamu na mambo ya ndani ya mtu. Ukweli ni kwamba amemkabidhi msikilizaji sehemu hiyo ya kazi, na msikilizaji aliyezoea kuifanya usiku baada ya usiku hujizoeza kutafuta sababu za watu wanaomzunguka.

Vitabu vya shule na tafsiri

Baada ya Kamati ya Lugha kuanzishwa mwaka 1930 kwa ajili ya nchi nne za Afrika ya Mashariki, vitabu vya hadithi vilihitajika kwa shule, na vingi katika vile vya mwanzo vilikuwa tafsiri. Frederick Johnson, aliyekuwa katibu wa kwanza wa Kamati hiyo, alitafsiri vitabu kadhaa, kikiwamo Kisiwa chenye Hazina cha Stevenson. Lugha ya tafsiri hizo imejadiliwa sana. Athari yake katika kuchora watu haijajadiliwa vya kutosha. Katika kitabu cha Stevenson yumo Silver, mwenye mguu mmoja, ambaye ni mchangamfu, hodari wa kupika, mpole kwa kijana Jim, na wakati huo huo ni mwuaji. Ngano za pwani zilikuwa na mjanja anayependwa, kama Abunuwasi, lakini ujanja wa Abunuwasi haukumtisha msikilizaji. Silver humfanya msomaji ampende mtu ambaye angepaswa kumkimbia, na kumlazimisha akiri kwamba uchangamfu si dalili ya wema.

Katika miaka hiyo hiyo ilitoka kazi ya Mwafrika, Uhuru wa Watumwa ya James Mbotela, mwaka 1934. Habari zake zimeegemea mambo yaliyotokea kuliko kubuni, lakini imesaidia kuizoeza nathari ya Kiswahili kusimulia maisha ya watu wa kawaida kwa kurasa nyingi. Bila mazoea hayo riwaya isingepata pa kusimama.

Shaaban Robert: hukumu na ushahidi

Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, huhesabiwa kuwa mwalimu wa adili kuliko mchunguzi wa watu. Majina ya wahusika wake yanaonekana kuithibitisha rai hiyo: Adili ni mwadilifu, Hasidi ana husuda, Majivuno anajivuna. Tabia imeandikwa usoni, na msomaji hana la kukisia.

Hata hivyo, rai hiyo haimtendei haki. Katika Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952 na ambacho kina ukaribu ulio dhahiri na kisa kimoja cha Alfu Lela Ulela, mtu anayesifiwa nchi nzima kwa wema wake anagunduliwa kwamba kila usiku huwachapa manyani wawili, kisha huwakirimu. Jina lake linasema jambo moja, mkono wake unasema jingine. Mfalme anapotaka maelezo ndipo inapofunuliwa kwamba manyani wale ni nduguze waliomtenda ubaya, nao wamegeuzwa, na kwamba kipigo kile ni amri ya jini ambayo mwenyewe huitimiza kwa huzuni. Somo kubwa la kitabu halimo katika kusema kwamba husuda ni mbaya, jambo ambalo kila msomaji alilijua kabla hajakifungua. Limo katika kuonyesha kwamba mwenendo ulioonekana kwa macho, tena na shahidi mwaminifu, ungaliweza kumhukumu mtu mwema kuwa katili kama asingalipewa nafasi ya kusimulia kisa chake.

Kusadikika, kilichochapishwa mwaka 1951, kinalipeleka jambo hilo barazani. Karama anashtakiwa kwa kueneza elimu ya sheria. Hajitetei kwa kubishana vifungu. Anajitetea kwa hadithi. Anawasimulia wakubwa wa nchi habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, wakarudi na mambo ya manufaa, wakatiwa kifungoni. Kila kisa peke yake kingeweza kuelezwa kwa bahati mbaya au kosa la mjumbe. Visa sita pamoja vinakuwa ushahidi wa mwenendo wa dola. Kitabu hicho kiliandikwa chini ya utawala wa kikoloni, na wasomaji wake hawakuhitaji kuambiwa nchi ya Kusadikika iko wapi. Kwa habari ya makala haya jambo la maana ni lingine: mwandishi ameonyesha kwamba tabia haiwi ya mtu mmoja tu. Baraza pia lina tabia, na huchukua vizazi kadhaa kuifahamu, wala hapana mtu awezaye kuiona yote kwa macho yake mwenyewe. Simulizi ndiyo inayoikusanya.

Hapo yaweza kuonekana tofauti ya methali na hadithi. Methali hutoa hukumu. Hadithi huleta ushahidi. Na hukumu za methali, kama ijulikanavyo, hupingana. Haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na tabia haina dawa. Ipi itumike wakati gani, methali haisemi. Ni lazima kisa kizima kisimuliwe.

Mwaka 1960

Mwaka 1960 ulileta vitabu viwili vya waandishi wa Unguja ambavyo, kila kimoja kwa njia yake, viliijaribu hekima hiyo ya methali. Muhammad Saleh Farsy katika Kurwa na Doto aliandika juu ya wasichana pacha wa kijiji cha Unguja. Wamezaliwa pamoja katika kijiji kimoja, na mienendo yao haifanani. Uchaguzi wa pacha haukuwa wa pambo. Mwandishi anayetaka kujua tabia inatoka wapi hufanya kama mkulima anayepanda mbegu mbili katika shamba moja: anapunguza tofauti za nje ili tofauti ya ndani ionekane. Methali ya malezi hapo inawekwa katika mizani.

Kitabu cha pili ni Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, ambacho kabla ya kuchapishwa kilikuwa kimeshinda katika mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957 na 1958. Mtu ameuawa penye mzimu, na maelezo yaliyo karibu ni kwamba mizimu ndiyo iliyomwua. Bwana Msa hakubali. Yeye huanza na sharti moja, kwamba kila kitendo kina mtendaji wa kibinadamu, na kila mtendaji ana sababu. Kwa sharti hilo hadithi ya upelelezi ilikata mnyororo wa -ka-. Katika ngano hili huja nyuma ya lile. Katika kitabu cha Bwana Msa hili ni lazima litoke katika lile, la sivyo kitabu kimeharibika.

Tena hapa ndipo upande wa kuandika unapoonekana wazi kuliko wa kusoma. Msomaji wa kitabu cha upelelezi anaweza kukisia vibaya asipate hasara. Mwandishi hana ruhusa hiyo. Kabla hajaandika ukurasa wa kwanza ni lazima ajue kila mtu anaficha nini, anamficha nani, na kwa nini anaficha, hata yule ambaye hana hatia. Hawezi kumwita mtu mwovu akaishia hapo, kwa sababu uovu hauelezi kwa nini mtu aliua Jumanne na si Jumatatu. Kazi ya kubuni humlazimisha mtu kuacha majina ya jumla ya tabia na kutafuta sababu ya tendo moja mahali pamoja.

Rosa Mistika na swali la lawama

Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1944 na kufariki mwaka 2020, alichapisha Rosa Mistika mwaka 1971. Zakaria ni baba mlevi na mkali. Binti yake anapopata barua ya mvulana, anampiga vibaya na kumzuia asizoeane na wavulana. Rosa anapotoka nyumbani kwenda masomoni, ule uhuru asiopata kuuzoea unamkuta mikono mitupu, na maisha yake yanaishia katika kujiua. Kitabu kilizuiliwa shuleni kwa muda, kwa hofu ya kuwapotosha wanafunzi, kisha baadaye kikaruhusiwa na kusomeshwa.

Kisa cha kuzuiliwa huko kina maana katika historia hii kuliko inavyodhaniwa. Waliokizuia hawakuwa watu wasiojua kusoma. Walikuwa wakikisoma kwa kipimo cha zamani, kwamba hadithi hufundisha tabia. Kwa kipimo hicho kitabu kinachoonyesha upotovu kinafundisha upotovu. Kezilahabi alikuwa ameandika kwa kipimo cha pili. Alionyesha jinsi ukali uliokusudiwa kulinda unavyoweza kuzaa kile kile ulichokikimbia. Anayesoma kitabu hicho hapewi mfano wa kufuata. Anapewa sababu za kufikiri. Zakaria mwenyewe angeweza kuitamka methali ya malezi kwa sauti kubwa kuliko watu wote, naye ndiye ambaye hakuielewa: alidhani kulea ni kuzuia. Said Ahmed Mohamed alilirudia jambo hilo kwa sura nyingine katika Utengano, mwaka 1980, ambapo Bwana Maksuudi, mheshimiwa mbele za watu, amemfungia binti yake Maimuna ndani ya nyumba.

Katika Kichwamaji cha mwaka 1974 Kezilahabi alikwenda mbali zaidi. Msimulizi ni Kazimoto, kijana msomi, naye husimulia kwa nafsi yake. Msomaji yumo ndani ya kichwa chake tangu mwanzo, na ingetazamiwa kwamba safari hii tabia haitahitaji kukisiwa. Lakini mambo yanakuwa kinyume. Kazimoto anajieleza sana, na kadiri anavyojieleza ndivyo msomaji anavyoona asiyoyaona mwenyewe. Mwisho wake pia ni kujiua. Ngano ilionyesha kwamba ni vigumu kuwajua wengine. Riwaya ya nafsi ya kwanza imeongeza kwamba mtu hajijui mwenyewe kwa kuwa tu anaishi ndani ya ngozi yake.

Mabadiliko hayo yalikwenda sambamba na mabadiliko ya lugha. Wazo la mhusika katika ngano lilihitaji mlango: akanena moyoni mwake, akasema peke yake. Katika riwaya mlango huo umeondolewa mara nyingi. Swali huja katikati ya masimulizi bila kitenzi cha kusema, na msomaji ndiye anayeamua kama ni la msimulizi au la mhusika. Si pambo la mtindo tu. Lugha iliyoweza kueleza vizuri mwenendo imejitengenezea njia ya kueleza mashaka, na lugha isiyo na njia hiyo haiwezi kuwaonyesha wasemaji wake sehemu kubwa ya maisha yao.

Mipaka ya madai

Katika karne hii madai ya kwamba kusoma hadithi huongeza ujuzi wa watu yamepelekwa pia mbele ya wanasaikolojia. Mwaka 2013 David Comer Kidd na Emanuele Castano walichapisha katika jarida la Science majaribio yaliyoonyesha kwamba watu waliosomeshwa vipande vifupi vya fasihi walifanya vizuri zaidi katika kutambua hisia za wengine, kwa mfano kwa kutazama picha za macho. Habari hizo zilipokewa kwa shangwe na walimu wa fasihi. Lakini majaribio ya kurudia yaliyochapishwa mwaka 2016 na mwaka 2018 hayakupata tokeo lile lile.

Hapana sababu ya kuhuzunika kwa jambo hilo, ila pana sababu ya kusema kwa uangalifu. Historia iliyofuatwa hapa haiungi mkono dai kwamba kurasa chache humpa mtu macho mapya kama dawa ya kunywa. Wala haithibitishi kwamba wasomaji ni watu wema kuliko wengine. Yule bwana wa paa angeweza kuwa msikilizaji mzuri wa ngano. Inachothibitisha ni kidogo kuliko hayo, nacho ni imara. Hadithi za kubuni zimehifadhi, kwa muda wa zaidi ya karne moja katika maandishi na muda mrefu usiojulikana kabla yake, aina ya maswali ambayo hayaulizwi mahali pengine: kwa nini mtu amchukie aliyemsaidia, kwa nini mwema aonekane katili, kwa nini baraza limfunge aliyemtuma lenyewe, kwa nini ulinzi uangamize. Methali imeyapa majibu mafupi, sheria imeyapa adhabu, na mahubiri yameyapa makemeo. Hadithi peke yake imeyapa muda.

Kwa hiyo wanaotunga mihutasari ya kusomesha riwaya za Kiswahili wangefanya vyema kupunguza lile swali la mtihani lililozoeleka mno, linalomtaka mwanafunzi ataje mafunzo aliyoyapata katika kitabu. Swali hilo humrudisha kwenye methali, na methali alikuwa nayo kabla hajasoma. Swali linalofaa zaidi ni kumwuliza kwa nini mhusika fulani alitenda alivyotenda, ni kitu gani katika maneno ya kitabu kinachomfanya aseme hivyo, na kama yuko msomaji mwingine mwenye akili timamu anayeweza kusema vingine. Mwanafunzi aliyelizoea swali hilo vitabuni atakuwa amelizoea kabla ya kuitwa kuwahukumu watu halisi, ambao hawana mwandishi wa kuwaeleza.